Mwizi Aliyeziacha Mota

Mwizi alikuwa amepanga skrubu.

Zilikuwa tisini na sita, ndani ya vizibo vya soda, nne nne, na kila kizibo kimekaa mbele ya mota yake. Mota ishirini na nne zilikuwa juu ya meza ya karakana, mistari mitatu, nyaya zimekunjwa vizuri kama nywele za mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Sanduku la chini ya meza lilikuwa tupu.

"Zilikuwa humu," Fundi alisema. "Vali ishirini na nne. Keshokutwa natakiwa nizifunge."

Inspekta hakugusa kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, kofia yake ya kazi imemzidi kidogo. Kituoni walimwita Pole, kwa sababu hata akimfunga mtu pingu anamwambia pole, na ukimtazama machoni unaona anamaanisha.

"Pole," alimwambia Fundi. "Sasa nieleze kama mtu asiyejua kitu. Vali yenyewe ni nini?"

Fundi alifuta mikono kwenye ovaroli. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, penseli sikioni, macho mekundu.

"Koki ya gesi unaijua? Hii ya shaba. Ukiizungusha robo, gesi inapita. Ukiirudisha, inakata. Basi mimi nachukua koki ya kawaida, juu yake nafunga mota ndogo. Mota nazitoa kwenye printa mbovu, gia nachonga mwenyewe. Halafu kuna kibao kidogo cha umeme kinachohesabu muda. Mtu akisahau jiko, mota inaizungusha koki yenyewe, gesi inakata."

"Na za dukani hazipo?"

"Zipo. Ila bei ya moja ya dukani, mimi nafunga vyumba kumi."

"Za nani hizi?"

"Za nyumba ya wazee, kule juu. Vyumba ishirini na nne, kila chumba kina jiko lake dogo la gesi la kuchemshia chai. Mwezi uliopita bibi mmoja alisahau kufunga. Walimtoa kabebwa kwenye shuka. Mzima, lakini walimtoa kwenye shuka. Matroni wao kanipa mpaka Jumatano. Baada ya hapo anang'oa majiko yote. Wale wazee, afande, kuchemsha chai yao wenyewe ndicho kitu pekee wanachofanya bila kuomba ruhusa."

Koplo alikuwa ameshapiga magoti na brashi yake ya poda. Alikuwa na kitambi na haraka, vitu ambavyo huwa havikai pamoja.

"Mwizi wa shaba, afande," alisema kutoka chini. "Kaacha mota, kabeba koki tupu. Saa hizi ziko kwenye mzani zinauzwa kwa kilo."

"Koplo, wewe ukifika nyumbani soksi zako unaziweka wapi?"

"Soksi?"

"Ndiyo."

"Pale zinapodondokea."

"Na una mke na unajua atakusema. Mwizi wa shaba hana hata wa kumsema. Angeng'oa mota kwa bisibisi, akatupa huko. Huyu amekaa hapa saa mbili au tatu, kafungua skrubu moja moja, akazitafutia na vizibo."

Koplo akakuna shingo.

Kufuli halikuvunjwa. Lilikutwa limefungwa vizuri, kama Fundi alivyoliacha jana Jumapili mchana alipokwenda nyumba ya wazee kupima mabomba. Dirisha lilikuwa na nondo, na vumbi la nondo lilikuwa zima. Funguo zilikuwa tatu: wa Fundi, wa baba yake, na wa akiba uliowekwa kwa jirani anayeuza mitungi ya gesi.

"Alama za vidole za watu wawili tu," Koplo alisema. "Za Fundi, na hizi nyingine kubwa."

"Za baba," Fundi alisema. "Ziko kila mahali. Yeye ndiye mpimaji wangu."

Baba mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye stuli, mbele ya meza yenye beseni na pampu ya baiskeli. Mrefu, kakonda, mikono imechujuka kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mtaani walimwita Mzee Povu. Miaka arobaini alikuwa fundi bomba, na miaka mitatu hii alikuwa anampimia binti yake vali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi. Tumewasumbua."

Inspekta akamtazama kidogo. Kwa kawaida mtu aliyeibiwa humlaani mwizi kwanza, ndipo akumbuke adabu. Huyu alikuwa na adabu tu. Laana hana.

"Jana mchana ulikuwa wapi, mzee?"

"Nyumbani. Hapo nyuma."

"Ulisikia kitu?"

"Masikio yangu haya, mwanangu, yanasikia yanachotaka."

*

Muuza Mitungi alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi. Aliweka mikono kwenye mitungi miwili kama baba aliyewashika watoto wake mapacha.

"Mimi niibe vile vidude? Mama, mimi nikitaka kuwaangusha wale nakaa tu nangoja. Mota ya printa inafunga gesi. Kesho wataifunga kwa saa ya ukutani."

"Unawacheka."

"Nawacheka kila siku, nao wananicheka. Ndiyo ujirani. Huyo binti nimembeba mgongoni akiwa hivi." Akaonyesha goti. "Ufunguo wao ule pale, kwenye msumari. Una utando wa buibui."

Ulikuwa nao kweli.

"Jana ulifungua?"

"Mpaka jioni."

"Ulimwona nani akiingia pale?"

Muuza Mitungi akaanza kuupangusa mtungi ambao haukuwa na vumbi.

"Sikuwa natazama."

"Mtu mwenye duka anatazama. Hana kazi nyingine."

"Mama, kuna mambo mtu anaona na mambo mtu anachunguza."

"Basi niambie uliyoyaona. Kuchunguza nachunguza mimi."

Akavuta pumzi. Sauti yake ikapungua ghafla, mpaka Koplo aliyekuwa mlangoni akageuka.

"Ijumaa alikuja mama anayefua nguo. Wale walimfungia vali ya majaribio tangu mwezi uliopita. Akaja na koki mkononi, anasema jikoni kwake kunanuka gesi kidogo. Binti hakuwepo. Akaipokea mzee. Akaiweka sikioni, hivi, kama mtu anayesikiliza saa. Halafu akakaa chini. Pale pale kizingitini, na suruali yake safi."

"Binti anajua?"

"Mzee alimwomba yule mama asiseme. Na mimi akaniangalia." Akageuza uso. "Nimemjua miaka mingapi, hajawahi kuniangalia hivyo. Mnajua mkewe amefariki. Miezi minne sasa."

"Pole," Inspekta alisema.

"Mimi unanipa pole ya nini?"

"Na wewe ulimjua marehemu."

Muuza Mitungi akarudi kwenye mtungi wake na kitambaa.

*

Inspekta alimkuta Fundi nje, anaongea na Matroni kwenye simu iliyokwisha kukatika.

"Nieleze namna mnavyopima."

"Tunafunga koki, tunaisukumia upepo kwa pampu, tunaipaka povu la sabuni. Kama inavuja, povu linavimba."

"Mara moja?"

"Hapana, ndiyo ubaya wake. Ndani kuna grisi. Koki mbovu grisi inaiziba kwa muda, inakaa kimya kama mtoto aliyevunja sahani. Dakika moja kimya. Mbili kimya. Ya tatu ndiyo upepo unapata njia. Kwa hiyo lazima dakika tatu kamili. Ikipita, baba anaiwekea doti ya rangi ya kijani, mimi nafunga mota."

"Dakika tatu mnaangalia saa gani?"

Fundi akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mikono ina povu na macho yako kwenye koki, saa utaiangalia na nini? Walikuwa wanaimba. Baba na mama walitunga wimbo wao wakati baba anafunga mabomba na mama anamshikia taa. Beti tatu, polepole, unarudia kila ubeti mara nne. Wa kwanza anaimba mama, anauliza nani atamchotea maji. Wa pili baba, anajibu atachota yeye. Wa tatu wote. Ukiisha, dakika tatu zimeisha. Nimewahi kuupima na saa ya mkononi. Haukosei."

"Na sasa?"

"Sasa anaimba mwenyewe, kwa ndani. Unaona midomo tu. Mimi nakuwa na mashine ya kuchonga gia, kelele, simsikii." Akatazama chini. "Tulirudi kazini siku ya tatu baada ya mazishi. Yeye ndiye aliyetaka. Mwezi jana nilimwambia, baba, kama umechoka pumzika. Akaacha kula chakula cha jioni siku mbili. Sijamwambia tena."

Walirudi ndani. Koki moja ya akiba ilikuwa kwenye droo.

"Mzee, naomba unionyeshe kazi yako," Inspekta alisema. "Mimi ni mshamba wa mambo haya."

Mzee Povu akasogeza stuli. Mikono yake ilipofika kwenye koki ikajiongoza yenyewe. Akafunga, akapampu, akapaka povu. Midomo ikaanza kucheza. Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo siku hiyo wote walisikia, japo kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu:

*Nani atanichotea maji, mikono ina povu...*

Mara nne. Halafu ya kwake:

*Mimi nitakuchotea maji, povu lako ni langu...*

Mara nne. Midomo ikasimama. Mkono ukaenda kwenye kichupa cha rangi.

"Imepita," alisema.

Saa ya Inspekta ilisema dakika mbili na sekunde tano.

Fundi alikuwa ameinua kichwa. Penseli ilimdondoka sikioni, hakuiokota. Alifungua mdomo, na Inspekta akamgusa mkono, polepole, kama mtu anayezuia kikombe kisimwagike.

"Mzee," Inspekta alisema, "naomba nikusindikize nyumbani."

Mzee Povu akaitazama ile doti ya kijani, mbichi bado. Akaitazama muda mrefu.

"Twende, mwanangu," alisema. "Nilikuwa najiuliza utaniambia saa ngapi."

*

Chumba chake kilikuwa nyuma ya karakana, hatua ishirini. Chini ya dirisha palikuwa na beseni la maji ya sabuni, pampu, na saa ya mezani iliyogeuzwa uso ukutani. Kitanda kilikuwa cha watu wawili. Upande wa mlangoni godoro lilikuwa limebonyea. Upande wa ukutani palikuwa pamefunikwa shuka, na chini ya shuka kulikuwa na kitu kilichojipanga.

Inspekta hakulivuta. Alingoja.

Mzee akalikunja mwenyewe, pembe kwa pembe. Koki zilikuwa ishirini na nne, zimelala kwa mistari, zimekauka, zinang'aa.

Koplo akavua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Kaa, mzee," Inspekta alisema. "Sema unavyotaka. Ukichoka tunapumzika."

"Nimeiba mimi," Mzee Povu alisema. "Andika hivyo. Jana mchana. Niliingia na ufunguo wangu."

"Skrubu?"

"Ningezing'oa kwa nguvu ningeharibu gia. Zile ni kazi ya mwanangu, anazichonga usiku mpaka macho yanamtoka machozi. Mota zake hazina kosa. Na maji ya sabuni hayazifai. Kosa lilikuwa kwenye koki, na koki nilizipima mimi. Nikachukua la kwangu, la kwake nikaacha."

"Kosa gani?"

Akakunja vidole, akavikunjua.

"Ijumaa yule mama aliniletea koki yake. Nikaipima hapa chumbani, na saa. Dakika ya tatu povu likavimba kama jipu. Nikasema haiwezekani, hii ina doti yangu. Nikaipima tena kwa wimbo, nikasema imepita. Kwa saa, inavuja. Kwa wimbo, imepita. Nikakaa nikajisikiliza ninavyoimba. Ubeti wa tatu siuimbi, mwanangu. Nilikuwa sijui. Nikimaliza wa kwangu, kichwani naona nimemaliza wimbo mzima, mkono unaenda kwenye rangi. Miezi minne. Sikuwa mvivu. Mwili ndio ulikuwa unanikwepesha."

"Wa tatu unasemaje?"

Mzee akatazama ukuta.

"Unasema tukizeeka."

Koplo akatoka nje akasimama mlangoni, mgongo ndani.

"Kwa nini hukumwambia binti yako?"

"Ningemwambia nini? Kwamba mama yake alikuwa nusu ya kipimo?" Akacheka, kicheko kidogo kisicho na mahali pa kukaa. "Angeninunulia saa yenye kengele. Mtoto mwema, angeninunulia kesho yake. Na saa inatosha, najua, si mjinga. Ila baada ya saa, ni nani anayehitaji mzee? Angesema baba sasa pumzika. Nimepumzika mimi. Nimepumzika upande mmoja wa kitanda miezi minne. Pale kwenye povu ndipo mahali pekee ambapo saa kumi na moja jioni inafika bila kunivuta nywele."

"Na Jumatano?"

"Nilisema nitazirudia zote kabla ya Jumatano. Kwa wimbo mzima. Nizirudishe, niseme nilizikuta kichochoroni, mwizi kazitupa. Nimejaribu tangu jana. Nafika ubeti wa tatu, sauti inakata. Leo asubuhi mmekuja, nikasema bora. Kwa sababu nisingeweza kuziacha zifungwe, mwanangu. Wale ni wazee kama mimi. Wanalala madirisha yamefungwa."

"Baba."

Fundi alikuwa mlangoni, kando ya Koplo. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Mzee akasimama, kisha akakaa tena, kama mtu aliyesahau kwa nini amesimama.

"Nimekuibia, mama."

"Nimesikia."

"Nilitaka kukuambia."

"Mimi nilifikiri umepona," Fundi alisema. Alikuja akakaa kwenye kitanda, si upande uliobonyea wala upande wa koki, katikati, palipokuwa na nafasi kidogo. "Ulikuwa unaamka mapema, unanyoa ndevu. Nikasema baba kapona, mimi ndiye bado. Nikawasha mashine ili nilie na usinisikie. Ndiyo maana sikukusikia."

Mzee akamshika kichwa kwa mkono wake wenye makunyanzi ya sabuni, akakivuta begani.

Inspekta akatoka akasimama uani pamoja na Koplo. Kamba ya nguo ilikuwa na shati moja la kiume na ovaroli.

"Afande, tunaandikaje?" Koplo aliuliza kwa sauti ya chini. "Amekiri. Kielelezo kiko kitandani."

"Mlalamikaji ni nani?"

"Fundi."

"Nenda kamuulize kama bado analalamika."

Koplo akachungulia ndani. Akarudi.

"Mimi siwezi kuingia pale, afande. Andika tu mali imepatikana."

"Wewe ndiye mwenye kalamu."

Akaandika, akiegemeza karatasi kwenye kitambi chake.

Walipoingia tena, Fundi alikuwa na simu mkononi, sauti imewekwa wazi ili baba yake naye asikie. Alikuwa amekaa wima.

"Matroni, ni mimi, fundi wa vali. Jumatano siji."

"Mmeshamkamata mwizi?" Sauti ya Matroni ilikuwa kavu, ya mtu aliyezoea kuongea na viziwi.

"Hakuna mwizi. Vali ninazo. Zimepimwa vibaya, nyingine zinavuja. Nikikufungia hivi zilivyo nitakuulia watu. Nahitaji wiki nzima kuzirudia. Kama utang'oa majiko, sitakulaumu."

Huko upande wa pili mtu alikuwa anakohoa, na kikombe kiligonga sahani.

"Zilipimwaje vibaya? Uliniambia una mpimaji wa miaka arobaini."

Mzee Povu akafumba macho.

"Ninaye," Fundi alisema. "Ni baba yangu. Alifiwa na mke wake, nikamruhusu arudi kazini siku ya tatu. Kosa ni langu pia."

Kikombe kiligonga sahani tena.

"Binti," Matroni alisema, "mimi hapa nina wazee ishirini na nne. Wajane ni kumi na saba. Kuna anayemwandalia mumewe kikombe kila asubuhi, na mumewe amekufa mwaka wa tisa huu. Hao ndio wanaosahau majiko. Ulifikiri wanasahau kwa sababu ya nini?"

Fundi akamtazama baba yake.

"Chukua hiyo wiki. Nitakaa zamu mwenyewe, nitafunga mitungi kwa mkono wangu. Ila kuzifunga uje na huyo baba yako. Sitaki mtu mwingine yeyote aniambie imepita."

Simu ikakatika.

Inspekta akavaa kofia yake. Akasema pole kwa baba, pole kwa binti, akageuka kuondoka. Mzee Povu akamwita.

"Mwanangu. Una haraka?"

"Kidogo."

"Pampu inahitaji mtu. Binti atanishikia wimbo, mimi nashika povu. Huyu mwenzako ana mikono mizuri."

Koplo akamtazama Inspekta. Inspekta akatazama saa yake, akaifungua mkononi, akaitia mfukoni.

"Ya kwanza tu," alisema.

Koplo akapampu. Fundi akaanza, sauti imepasuka, ubeti wa mama yake. Mzee akajibu na wa kwake. Halafu akakwama, mikono ya mzee iko kwenye povu, na binti yake akamgeukia.

"Wa tatu sijawahi kuujua vizuri," alisema. "Ulikuwa wenu. Nifundishe."

Mzee Povu akalamba midomo. Koplo aliendelea kupampu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"*Tukizeeka tutachotewa,*" mzee aliimba, karibu kuongea, "*tukae tu tucheke.*"

"*Tukizeeka tutachotewa,*" binti akafuata.

Mara ya tatu walipourudia, pembeni mwa koki, povu likavimba, dogo kama punje ya mtama, likakua, likapasuka.

"Inavuja," Mzee Povu alisema, na machozi yakamdondokea kwenye beseni. "Hii inavuja. Weka kando. Niletee nyingine."